Punda aliyeangukia chumvini

Nimeshachoka na ile picha. Sheikh upande huu, rabi upande ule, katikati meya au balozi, wote wanatabasamu, na chini yake pameandikwa "watoto wa Ibrahimu". Kila inapotumwa kwenye kundi letu la WhatsApp, la wanawake wa pwani tunaoishi Uingereza, mambo huwa yale yale: hawa wanaandika mashaallah, wale wanauliza jamaa wamelipwa na nani. Hakuna anayeuliza walizungumza nini. Mimi naamini hawakuzungumza kitu. Walikunywa chai, wakapigwa picha, wakaenda zao.

Nasema hivyo kwa sababu mazungumzo ya aina hiyo nimo ndani yake kwa muda sasa, bila meya, na hayajawahi kufanana na picha ile hata siku moja.

Mimi ni mfamasia. Nilizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, na nafanya kazi katika duka la dawa Cheetham Hill, kaskazini mwa Manchester. Anayeijua barabara ile atanielewa. Chini, karibu na mjini, kuna sinagogi la zamani la Wayahudi wenye asili ya Hispania na Ureno, lililojengwa 1874 kwa nakshi zinazokukumbusha misikiti ya Andalusi. Siku hizi ni makumbusho. Ukipanda juu unapita misikiti, maduka ya shalwar kamiz na vitambaa vya harusi, mabucha ya halali. Endelea tena kuelekea Prestwich, unaanza kuona wanaume wa makoti meusi na kofia pana, na bekari zinazofunga Ijumaa kabla ya magharibi. Wateja wangu wanatoka kote huko, na swali wanaloniuliza kuliko yote ni hili: kapsuli hii imetengenezwa kwa nini?

Hawaulizi dawa iliyomo ndani. Wanauliza ganda. Ganda la kapsuli mara nyingi ni jelatini, na jelatini hutolewa kwenye ngozi na mifupa ya nguruwe au ng'ombe. Yapo maganda ya mimea, lakini si kila dawa inapatikana nayo.

Siku moja mama mmoja wa Kipakistani aliniuliza, nikaangalia karatasi za kiwanda, nikamwambia ni ya ng'ombe. Akashukuru, akalipa, akaondoka. Nyuma yake kwenye foleni alikuwa mzee mmoja Myahudi, mwalimu mstaafu wa kemia, anayekuja kuchukua dawa zake za presha. Akaegemea kaunta, akasema taratibu: "Ng'ombe aliyechinjwa na nani?"

Niliudhika kidogo, nikijiona nimeshikwa uongo mbele ya watu, na sikuwa nimesema uongo. Lakini swali lilikuwa swali. Ng'ombe asiyechinjwa kisheria ni kibudu, na kibudu kwetu ni haramu kama nguruwe alivyo haramu. Kwao pia: ng'ombe ambaye hakupita kwenye kisu cha mchinjaji wao aliyefuzu, haliwi. Kwa hiyo ukimwambia Muislamu au Myahudi "ni ya ng'ombe," umemjibu nusu ya swali, na pengine ile nusu nyepesi.

"Na nyinyi wanazuoni wenu wanasemaje?" akaniuliza. Nikamweleza ninachokijua. Mwaka 1986 Baraza la Kimataifa la Fikihi la Kiislamu lilikaa Amman likasema jelatini ya nguruwe haijuzu kwenye chakula, kwa kuwa ya mimea na ya wanyama waliochinjwa inatosha. Mwaka 1995 Shirika la Kiislamu la Sayansi za Tiba, la Kuwait, likasema kinyume chake: mfupa na ngozi ya mnyama najisi vikishageuka jelatini vimekuwa kitu kingine, kitu safi, na kuliwa kunajuzu. Hukumu hii ya kugeuka ndiyo inayoitwa istihala. Mzee akacheka. "Kwetu ni vivyo hivyo," akasema. Rabi Chaim Ozer Grodzinski wa Vilna, aliyefariki 1940, aliruhusu jelatini ya mifupa: mfupa mkavu ni kama kuni, si chakula tena, na katazo la chakula haliwezi kung'ang'ania kitu kisicho chakula. Marekani akaja Rabi Aharon Kotler akakataa: mfupa ulikuwa kuni, sawa, lakini nyinyi mmeurudisha mezani.

Foleni ilikuwa ndefu, nikamwambia mwalimu, tutaongea siku nyingine. Na kweli tukaongea.

Tunakutana kwenye maktaba ya mtaa, meza ya pembeni, siku ninapokuwa sina zamu. Yeye anakuja na chai yake kwenye chupa na kikombe chake mwenyewe, mimi na yangu. Mwanzoni tulihangaika na biskuti, kusoma mihuri nyuma ya pakiti, mwisho tukaona upuuzi: chungwa halina muhuri. Anasoma Kurani kwa Kiebrania, tafsiri ya Uri Rubin ya 2005, na ameijaza penseli pembeni. Mimi nina ile ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, nakala ya mama. Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya sheria, tunaisoma kwa Kiingereza, ingawa tangu 2012 ipo kwa Kiarabu pia, juzuu 20 zilizochapwa Amman. Nimempelekea ami yangu habari hiyo, akashangaa, akataka kujua bei.

Ami lazima nimtaje, maana ndiye mtu wa tatu wa meza ile ingawa yuko Kibokoni, Mombasa. Ndiye aliyenisomesha Safinatun-Najaa nikiwa mdogo, kile kijitabu cha Salim bin Sumair ambacho mtoto wa chuo cha Kurani pwani hukihifadhi kabla hajajua maana yake. Na ndani ya Safina jibu limo tayari: najisi zinazotahirika ni tatu, pombe ikigeuka siki yenyewe, ngozi ya kibudu ikidabighiwa, yaani ikitengenezwa kwa dawa za ngozi, na kitu kilichogeuka mnyama. Basi. Sisi Mashafii mlango wetu wa istihala ni mwembamba hivyo. Hata siki yenyewe, ukiisaidia kwa kutia kitu ndani ya pombe, hakuna.

Mahanafi mlango wao ni mpana. Mfano wao mashuhuri ni wa punda: punda akiangukia kwenye mgodi wa chumvi, akakaa mpaka akageuka chumvi, chumvi ile ni twahara, kwa kauli ya Muhammad bin Hassan, mwanafunzi wa Abu Hanifa; mwenzake Abu Yusuf alimpinga. Nilimsimulia mzee kisa hiki nikidhani namwonyesha kitu cha kwetu kabisa. Akaweka kikombe chini. Kwao, akasema, ni asali. Rabi Yonah wa Gerona, karne ya 13, alisema kipande cha nyama haramu kikiangukia kwenye asali kikayeyuka, kwa kuwa tabia ya asali ni kugeuza kila kitu kuwa asali, basi kile kimekuwa asali na kinaliwa. Na alikuwa anatafuta nini kwa mfano huo? Miski. Watu walimuuliza kama miski inajuzu kutiwa kwenye chakula, maana asili yake ni damu iliyoganda kwenye mnyama. Akajibu kwamba tunaangalia ilivyo sasa, hatuangalii ilivyokuwa.

Hapo mimi ndiye niliyeweka kikombe chini. Mwanamke wa Mombasa umwambie habari ya miski! Nimekua na chupa zake kwenye kabati la bibi. Na nimekua na ule ubeti wa al-Mutanabbi ambao Ami hupenda kuutia kwenye hotuba za harusi, kwamba ukiwapita viumbe nawe ni mmoja wao, basi hata miski ni sehemu ya damu ya paa. Mafakihi wetu pia waliizungumza: damu ni najisi, miski ni katika manukato bora kwa mujibu wa Hadithi, sasa imepita wapi? Damu hiyo hiyo, pua hiyo hiyo, na wanazuoni wa dini mbili wanakuna vichwa juu ya kichupa kimoja.

Kilichonifurahisha zaidi ni kilichofuata. Rabi Asher bin Yehieli, aliyefia Toledo 1327, aliinukuu hoja ya Yonah, mfano wa asali na yote, halafu akaongeza kwamba ushahidi huo nao unahitaji ushahidi. Nilimtumia Ami kwa sauti. Akanijibu akicheka mpaka akakohoa: "Huyo ni mtu wa kusoma naye, mwanangu."

Sasa nije kwangu, maana mimi si fakihi wala rabi, mimi nimesomea dawa, na nilikuwa na la kuwaambia wote wawili. Jelatini ni kolajeni iliyochemshwa na kukatwa. Kolajeni ni nyuzi tatu za protini zilizosokotana. Unazilowesha kwenye asidi au alkali, unazipasha moto, zinasokotoka na kukatika vipande. Lakini vipande vile vinabaki na mpangilio wake wa asili, kiasi kwamba maabara yenye mashine nzuri inaweza kukwambia jelatini hii ni ya ng'ombe au ya nguruwe. Chumvi ya punda, kama ingekuwepo, hakuna mashine ambayo ingemtambua punda ndani yake. Kwa hiyo wale wa Kuwait walipotumia hukumu ya chumvi kwenye jelatini, kwa kemia yangu mimi, waliruka hatua. Kugeuka kumeanza, hakujakamilika.

Nilijiona nimesema neno. Mzee, mwalimu wa kemia mzima, ambaye nilitegemea awe upande wangu, akanijibu kwa msemo wa Talmudi: Torati haikupewa malaika. Akanieleza kwamba wanazuoni wao walipojua habari ya hadubini na vijidudu vilivyomo kwenye maji, mwenye kitabu cha Arukh HaShulchan akaandika kwamba Torati haikukataza kile ambacho jicho halikioni. Sheria ni ya watu wenye macho. Jioni ile ile Ami, ambaye hajawahi kukutana na mzee huyu wala kusikia alichosema, akanitumia jibu lake: "Mwanangu, sharia haikuteremshiwa maabara. Sisi twahukumu kwa dhahiri."

Ningeweza kuishia hapo na kuandika jinsi walivyokubaliana, watu wakalia machozi. Lakini hawakukubaliana, na mimi sikuridhika na yeyote kati yao. Nikamwandikia Ami: kama ni dhahiri, jelatini haina sura ya mfupa, haina harufu ya mfupa, haina ladha yake. Mbona huikubali? Akasema dhahiri ni ya kuhukumia kitu kilivyo, lakini najisi hubaki najisi mpaka dalili iitoe, na dalili zimetaja tatu. Nikamuuliza mzee: kama ni jicho, mbona Kotler alikataa? Akasema kwa sababu mtu anapokusudia kula kitu ambacho si chakula, kwa kukila kwake amekipa hadhi ya chakula. Nikamwambia basi sasa si jicho tena, ni nia. Akanyamaza, akamenya chungwa.

Lakini hoja ile ya hadhi imenifaa kazini kuliko kitu chochote nilichosoma chuo kikuu. Kwa marabi wengi dawa ya kumeza haiingii humo: hakuna anayemeza kapsuli kwa kuipa hadhi ya chakula, na kumeza bila kutafuna si namna ya kula. Vitamini za watoto za kutafuna, zile laini zenye sura ya dubu, ni jambo jingine kabisa. Hizo zina ladha, mtoto anaziomba. Nilikuwa nawapa wateja wangu wote jibu moja. Sasa Myahudi akiniuliza namtenganishia kapsuli na dubu, kisha namwambia akamuulize rabi wake. Muislamu namwambia ni ya mnyama gani, kachinjwa vipi kama kiwanda kimeandika, na kama ipo ya mmea, maana kwetu kutafuna na kumeza mlango ni mmoja.

Tofauti nyingine niliigundua mke wake alipolazwa. Aliandikiwa heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, ambayo hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Nilifikiri nitamkuta na wasiwasi. Hakuwa nao hata kidogo. Torati imekataza kula nguruwe, akasema. Sindano si kula, na kunufaika naye kwa njia nyingine hakukukatazwa. Viatu vya ngozi ya nguruwe anaweza kuvaa. Mimi Mshafii, nguruwe kwangu ni najisi nzito: akikugusa na umajimaji unaosha mara saba, moja kwa udongo. Heparini kwangu inapita kwenye mlango wa dharura tu, na dharura hupimwa kwa kiasi chake. Miaka yote watu wananiambia "nyinyi na Wayahudi ni wamoja, hamli nguruwe." Makatazo mawili haya hayana hata msingi mmoja. Na ngamia, ambaye jirani zangu Wasomali walimla Mombasa kwa furaha, kwao haliwi kabisa.

Hii ndiyo tofauti na picha ile. Kwenye picha huwa tunafanana.

Kuna mazungumzo ya zamani yenye kosa la kinyume, yanayotaka kujua nani kachukua kwa nani. Mwaka 1833 kijana Myahudi wa Ujerumani, Abraham Geiger, ambaye baadaye alikuja kuwa rabi mkubwa wa mageuzi, alichapisha kitabu kilichouliza Muhammad alichukua nini kutoka kwa Uyahudi. Waislamu wengi wakisikia swali hilo tu wanafunga mlango, na siwalaumu. Ila Geiger alikuwa miongoni mwa wa kwanza huko Ulaya kuisoma Kurani kwa makini kama kitabu cha mtu mkweli, wakati Wakristo wengi waliomzunguka walikuwa bado wanamwita Mtume laghai. Baada yake akaja Ignaz Goldziher wa Budapest, aliyeshinda Azhar, Kairo, mwaka 1873 na 1874 akisoma kwa masheikh, akaingia msikitini Ijumaa akasali na watu, akaandika kwenye shajara yake kwamba moyoni alijiona Muislamu. Halafu huyo huyo ndiye aliyezitilia shaka Hadithi kwa namna ambayo wanazuoni wetu bado wanaijibu mpaka leo. Alipenda, akakosoa. Sijui kama tungemweka kwenye picha.

Mzee mwenyewe ndiye aliyenivunjia hesabu ya nani kachukua. Ile hadithi ya Bukhari, Nabii Ibrahimu anakwenda kumtembelea Ismaili, hamkuti, mkewe analalamika dhiki, Ibrahimu anamwachia ujumbe: mwambie mumeo abadilishe kizingiti cha mlango wake. Ismaili anaelewa, anamwacha. Ibrahimu anarudi, anakuta mke mwingine, huyu anamshukuru Mungu, anaacha ujumbe: kizingiti kibaki. Kila mtoto wa pwani ameisikia. Mzee akanionyesha hadithi hiyo hiyo, na kizingiti chake, katika kitabu cha Kiyahudi kiitwacho Pirkei de-Rabbi Eliezer, na Sara amemwapiza Ibrahimu asishuke kwenye ngamia, kama ilivyo pia kwenye riwaya za Tabari, mwanahistoria wetu. Nikasema haya, basi Geiger kashinda. "Angalia majina ya wake," akasema. Mke wa kwanza anaitwa Aisha. Wa pili, yule mwema, Fatima.

Kitabu kile kiliandikwa baada ya Uislamu. Rabi aliyekiandika aliishi kati ya Waislamu, akasikia wanavyosimulia, na pengine akawachokoza kidogo, au majina yalikuwa yameshaingia masikioni mwake kama yalivyoingia kwetu sote. Huwezi kuchora mshale mmoja wa nani alimpa nani. Mimi nimeacha kujaribu. Nikikutana na hoja, nauliza kama inasimama, na nikimkuta mtu wa dini nyingine aliyeijaribu kabla yangu, afadhali.

Yako pia maneno makali, na bila hayo nisingeiita hii kazi mazungumzo. Abu Dhabi walifungua 2023 ile Nyumba ya Familia ya Ibrahimu: msikiti, kanisa na sinagogi, majengo matatu ya mraba, kimo kimoja, yaliyochorwa na David Adjaye, mzaliwa wa Dar es Salaam wa wazazi Waghana. Sinagogi limepewa jina la Musa bin Maimun. Jina zuri: rabi huyo aliandika falsafa kwa Kiarabu, alikuwa tabibu wa watawala wa Misri wakati wa Salahuddin, na alimjibu mtu aliyeingia dini yao, Obadia, kwamba Waislamu si waabudu masanamu hata kidogo. Nukuu hiyo utaisikia kila penye picha. Lakini Musa huyu familia yake iliikimbia dola ya Almuwahidun iliyowatia watu dini kwa nguvu, na mwaka 1172 hivi aliwaandikia Wayahudi wa Yemen barua ambayo ndani yake anamtaja Mtume wetu kwa neno ambalo sitaliandika hapa. Mzee ndiye aliyeniletea barua ile. Alisema asingependa niijue kwa mtu mwingine. Niliisoma pale pale mezani, nikakasirika, nikamwambia nimekasirika. Wiki iliyofuata nikamletea mwanazuoni wetu Ibn Hazm wa Kordoba anavyowaandika Wayahudi, na kitabu cha Samaual al-Maghribi, mwanahesabu aliyesilimu akaandika cha kuwanyamazisha jamaa zake wa zamani. Akasoma, naye akakasirika. Haki bin haki.

Na tukamsoma Ibn Kammuna, ambaye ningetaka ajulikane zaidi. Myahudi wa Baghdad, mtu wa falsafa, aliyeandika sherehe ya kitabu cha mwanafalsafa Suhrawardi na kuandikiana na mwanafalsafa mwingine, Nasiruddin Tusi. Mwaka 1280 aliandika kitabu cha kuzichunguza dini tatu: anaweka hoja ya kila upande kwa nguvu zake zote, anaweka na majibu yake. Amemjibu Samaual humo. Sura ya Uislamu inauma kwa sababu imesomeka vizuri. Amemsoma Ghazali, amemsoma Fakhruddin Razi, anakupiga kwa fimbo ya nyumbani kwako. Mwaka 1284 habari zikafika barabarani, watu wakakusanyika wakitaka auawe. Akatolewa mjini ndani ya kasha, akapelekwa Hilla alikokuwa mwanawe, na huko akafa. Ulimwengu wetu ndio uliompa elimu ya kuandika kitabu kile, na ndio uliomtia kwenye kasha. Nikiwaambia jamaa zangu kwamba hilo la pili nalo tulizungumze, wananiuliza je, na Gaza?

Ndiyo, na Gaza. Baada ya tarehe 7 Oktoba 2023 tuliacha kukutana. Yeye ana ndugu Israeli, mimi niliandamana katikati ya mji pamoja na wanangu, na alijua. Makumi ya maelfu ya watu wa Gaza wameuawa tangu siku ile, na sitakaa na mtu ambaye sharti lake ni nisiliseme hilo. Hakuweka sharti hilo. Tuliporudi mezani tulisema kila mmoja lake, sauti zikapanda mpaka mtu wa maktaba akaja, na hatukuelewana, na mpaka leo hatujaelewana. Kisha tukafungua kitabu. Nina wenzangu wanaoona huko kufungua kitabu ndiko kusaliti. Naheshimu hasira yao kuliko ninavyoheshimu picha ya meya.

Tarehe 2 Oktoba 2025, Yom Kippur, siku ya saumu kubwa ya Wayahudi, mtu alishambulia sinagogi la Heaton Park, Crumpsall, si mbali na dukani kwetu, na wanaume wawili Wayahudi wakafa. Nilimpigia mzee. Simu imezimwa, bila shaka, siku ile hawagusi simu. Nilibaki nayo mkononi mpaka usiku saumu yao ilipofunguliwa, akanijibu kwa maneno matatu. Yuko salama.

Ami nilipomweleza yote haya, na wanavyonisema, alinikumbusha Hadithi mbili. Moja: simulieni kutoka kwa Wana wa Israili, wala hapana ubaya. Ya pili: watu wa Kitabu msiwasadiki wala msiwakadhibishe. "Zote mbili ziko kwa Bukhari," akasema. "Kaa katikati yake."

Kwa sasa tumekwama kwenye ngozi. Ami ameisoma ile hukumu ya Kuwait neno kwa neno nilivyomtumia, na amekuja na pingamizi ambalo sikulifikiria. Wale mabwana, anasema, wamethibitisha kwamba jelatini ni twahara, halafu kwa pumzi hiyo hiyo wakasema yaliwa. Twahara si halali. Udongo ni twahara, huuli. Ngozi ya kibudu ikishadabighiwa waweza kuisalia juu yake, lakini katika madhehebu yetu kauli iliyo na nguvu ni kwamba kuila hapana. Kwa hiyo hata ukinishinda kwenye istihala, bado hujafika mdomoni. Akaniagiza nimuulize mzee: je, kwenu kuna hatua hiyo katikati, kitu kiwe kimetoka kwenye unajisi na bado hakijaingia kwenye kuliwa? Mzee alilinakili swali kwenye daftari lake kwa Kiebrania, akapiga mstari chini yake mara mbili. Amesema aanzie kwa Rabi Moshe Feinstein wa Marekani, ambaye aliikubali jelatini ya ngozi iwapo tu mnyama alichinjwa inavyotakiwa, na kwamba nimpe muda.